Kinanda Kisichofunguliwa Mpaka Kiombewe

Nauza mitumba soko la Mlango Mmoja, na nimeiuza tangu binti yangu anatambaa chini ya meza ya biashara. Ukinipa shati nitakuambia aliyelivaa alikuwa mtu wa kukaa kitini au wa kubeba mkoba begani. Ukinipa kiatu nitakuambia mwenyewe alikuwa anakanyagaje. Wapo wanaofua nguo, wakaipiga pasi, wakaiweka kwenye nailoni mpya ili ionekane ya dukani. Mimi nitaivuta pindo mara moja tu na kuwarudishia. Kitu kilichotumika hakinipiti. Naanza na hilo kwa sababu kuna mtu alilijua vizuri kuliko wateja wangu wote, na kwa kulijua huko alipata njia ya kunitapeli.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Alizaliwa upande wa Bujora, akakua akisikia nyimbo za kulima, na nyimbo zote alizotunga kwa ajili ya kanisa zilikuwa na ule mwendo wa jembe kupanda na kushuka. Kanisa letu liko karibu na ziwa, mahali ambapo ukifungua madirisha wakati wa mahubiri, harufu ya dagaa walioanikwa inaingia na kukaa nanyi mpaka amina ya mwisho. Hatukuwa na kinanda cha maana. Tulikuwa tunaazima kimoja chenye sauti ya mbu, na hicho nacho mwenyewe alikuwa akikumbuka kukihitaji kila ikikaribia Pasaka.

Kabla hajaugua, mume wangu alitunga wimbo ambao alikataa usiimbwe na kile cha kuazima. Katikati yake, baada ya ubeti wa pili, sauti zote zinanyamaza. Kinanda kinabaki kinasema peke yake, halafu besi zinaingia chini yake taratibu, na wengine tunafuata. Alitufundisha kila sauti kwa nota, tukashika, kisha akasema tutauimba siku tukipata kinanda chetu wenyewe. Hakuiona siku hiyo. Wimbo ukabaki vichwani mwetu, na kile kipande cha kinanda kikabaki kwenye karatasi ambayo nyumbani kwangu hakuna aliyeweza kuisoma.

Nilitaka kukisikia. Mara ngapi nilimwona akikipiga kwa vidole juu ya meza ya chakula, amefumba macho, ugali unapoa, na mimi nikimsema kwamba mboga inaganda. Nilitaka kujua vile vidole vilikuwa vinasema nini. Mjane ana mambo mengi ya kutaka, lakini mimi nilikuwa na hilo moja, na kwaya nzima ilijua.

Basi tukachanga. Wanawake wa dagaa walitoa, walimu walitoa, fundi cherehani anayetupigia kinanda alitoa zaidi ya uwezo wake mpaka mkewe akanung'unika. Mimi nilifungua belo la makoti kipindi cha joto, nikayauza kwa hasara, nikapeleka kilichopatikana.

Aliyetuagizia alikuwa kijana wetu. Naendelea kumwita kijana ingawa sasa ana kitambi na watoto wa shule. Kwao ni Ukerewe, na alipofaulu kuja sekondari mjini hakuwa na pa kukaa, mume wangu akamleta kwetu. Alilala sebuleni kwangu mpaka alipomaliza. Mume wangu akaitengeneza sauti yake, ikawa besi ambayo kwaya nyingine walikuwa wanakuja kuiazima kama sisi tulivyoazima kinanda. Sare yake ya shule, viatu vyake, sweta lake, vyote vilitoka kwenye mafungu yangu. Siku za Jumamosi alikuja sokoni, akachuchumaa pembeni yangu, nikawa namfundisha: hii imevaliwa, hii haijavaliwa, hii wameitia rangi upya, angalia hapa kwenye mshono. Alikuwa mwepesi wa kushika. Watu wengine waliniita kwa jina la binti yangu, yeye aliniita mama, basi. Kila alipoitoa shikamoo yake nilimjibu, "Marahaba, mwanangu," na wala sikuwa nafikiria nilipokuwa nasema.

Alipokua alifungua ofisi mtaa wa Mirongo ya kuagizia watu mizigo kutoka China. Redio za magari, mashine za juisi, taa za harusi, chochote unachokitaka anakuonyesha picha kwenye simu. Alituambia tukinunua kinanda kwenye maduka ya Nyamagana tutauziwa feki kwa bei ya kitu halisi, na kwamba yeye atatuletea kipya kabisa, kutoka kiwandani, ndani ya boksi lake. Wazee wawili walipinga. Walisema dukani angalau muuzaji anachomeka kwenye umeme, unasikia kwanza ndipo unatoa hela. Nikawanyamazisha mimi. Nilisimama mbele ya kwaya nikasema huyu amekulia mikononi mwa mwalimu, na anayemtilia shaka anitilie shaka na mimi. Wakakaa chini.

Boksi likafika kwa lori kutoka Dar, likabebwa na vijana wa kwaya mpaka ofisi ya mchungaji kwa vigelegele. Sasa nieleze utaratibu wetu, maana mtu wa nje anaweza kudhani tulirogwa. Kanisani kwetu kitu kipya hakiguswi mpaka kiombewe, na anayekiombea ni mchungaji wa jimbo, siyo mwingine. Viti vya plastiki viliwahi kukaa vimefungwa kamba ukutani huku sisi tumesimama ibada nzima. Saa ya ukutani ilikaa ndani ya kasha lake mpaka betri zikavuja. Tunacheka wenyewe, lakini hatugusi. Kitu cha Mungu unamtangulizia Mungu, ndivyo tulivyolelewa.

Hata hivyo mimi ni mfanyabiashara. Mkono uliniwasha. Nililizunguka lile boksi, nikapapasa utepe wa gundi, nikasema kwa sauti kwamba tungechungulia tu, tuone kama hakijavunjika njiani, tukifunge tena. Fundi wetu alikuwa tayari kashika wembe. Kijana wetu akaja akanishika bega kwa upole.

"Mama, kisifunguliwe mpaka kiombewe," akasema. "Mwalimu asingekubali kiguswe kabla."

Machozi yalinilenga. Nilimwambia fundi arudishe wembe wake mfukoni. Nilirudi nyumbani nikachukua kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikaja kulifunika lile boksi, na njia nzima nilikuwa namshukuru Mungu kwamba bado yuko mtu mwingine duniani anayekumbuka mume wangu angependa nini.

Mchungaji wa jimbo alichelewa. Kwanza alipata msiba, kisha akawa na mikutano, kisha mvua ikaharibu barabara. Wiki zikaenda, boksi limekaa chini ya kitenge changu. Kila Jumapili kijana wetu aliuliza kwa makini kama kuna aliyeligusa, nasi tukimsifu kwa uchaji wake.

Jumapili aliyofika hatimaye, kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji wa jimbo aliweka mkono juu ya boksi akaomba, kisha fundi akalifungua, akakitoa kinanda na kukiweka juu ya miguu yake ya chuma. Mimi nilikuwa mstari wa mbele wa sauti ya pili, karibu kabisa. Watu walipiga makofi. Mimi nilikiangalia kinanda, na kabla makofi hayajaisha nilikuwa nimeshajua.

Kilikuwa mtumba.

Kilikuwa kimesafishwa vizuri, sikatai. Lakini kwenye kona ya chini palikuwa na mraba mdogo mweupe kuliko sehemu nyingine, mahali stika ilipobanduliwa baada ya kukaa sana. Vitufe vya katikati vilikuwa vimepoteza mng'aro pale vidole vinapotua. Na ilikuja ile harufu, ya kitu kilichokaa nyumbani kwa watu kisha kikapakwa dawa ya kusafishia. Ningeijua gizani. Nilitaka kusema, lakini mchungaji wa jimbo alikuwa anashukuru kwa ajili ya chombo kipya, na watu wanaitikia amina, na mimi nikaitikia pamoja nao.

Tukaanza wimbo wa mume wangu. Ubeti wa kwanza kinanda kilituchukua vizuri, nikaanza kujidanganya kwamba pengine nimekosea. Ubeti wa pili ukaisha. Tukanyamaza wote, kama tulivyofundishwa, ili kinanda kiseme. Fundi alibonyeza, na vile vitufe vya katikati havikutoa kitu. Alibonyeza kwa nguvu zaidi, tukasikia plastiki inagonga. Kisha taa zake zikazimika zote. Kanisa zima lilikaa kimya likidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa, mpaka mtoto mmoja akacheka na mama yake akamfinya.

Siku iliyofuata nilifunga meza yangu nikaenda Mirongo. Kijana wetu aliniamkia, akanipa kiti, akaagiza soda. Alisikitika sana. Alisema hizi ndizo shida za kununua vitu nje, mzigo unarushwarushwa melini, na wale wa China wana siku zao za kupokea malalamiko, ukichelewa hata kidogo wanakufungia mlango. Laiti tungewahi kukijaribu, alisema, angewabana. Nilimwangalia. Alisema hivyo bila kupepesa macho, yeye aliyenishika bega. Nikainuka nikaiacha soda.

Binti yangu, ambaye Kiingereza amekisoma vizuri, aliwaandikia wauzaji kwa anwani iliyokuwa pembeni ya boksi. Walijibu kwa adabu nyingi. Walisema muda wa kulalamika umekwisha, na hata usingekuwa umekwisha, wao hawatujui. Aliyenunua kwao ni yule wa Mirongo, na wao watazungumza naye tu. Binti yangu aliponisomea hayo nilikasirika mpaka nikamfokea yeye, kana kwamba ndiye aliyeandika. Sisi tuliochanga, tulioomba, tuliotandika kitenge, hatukuwa wanunuzi. Tulikuwa nani, basi?

Jirani yangu wa pale sokoni, muuza vyombo, ndiye aliyenielekeza kwenye ofisi ya serikali inayosikiliza malalamiko ya wateja, huko mjini Nyamagana. Nilikwenda nikiwa na hasira ya kuwashtaki Wachina. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza hela nilimkabidhi nani. Nikamwambia. Akauliza risiti. Nikamwambia mtoto wako humdai risiti. Akauliza kama kuna mtu aliyemsikia akisema kinanda ni kipya. Nikamwambia kanisa zima.

"Basi mama, achana na China," akasema. "Aliyekuuzia yuko hapo Mirongo. Unayemdai ni huyo."

Alinieleza polepole kwamba mtu akileta bidhaa hapa na kuiuza kama mpya, yeye ndiye muuzaji wangu, na akiwa ameniuzia kibovu au kilichotumika bila kuniambia, nina haki ya kurudishiwa hela au kupewa kizima, bila kujali wale wa nje wanasemaje. Akaniambia kinanda kisitengenezwe, kirudi kwenye boksi jinsi kilivyo. Nilisikiliza yote. Nilipaswa kufurahi, maana nilikuwa nimeambiwa kwamba haki ipo na iko karibu. Lakini nilipotoka nje nilikaa kwenye ukingo wa mtaro karibu na benki, na wapita njia wakaniangalia. Ningependa sana mwizi wangu awe mtu wa mbali.

Ofisi ikamwandikia kijana wetu. Alipopata barua alikuja nyumbani jioni, jua bado halijazama, akakaa kwenye kiti kilekile alichokuwa anakalia akifanya hesabu zake za shule. Hakukanusha. Alisema kipya kilikuwa kimepanda bei, yeye alikuwa ameshatumia sehemu ya hela yetu kuokoa mzigo wake mwingine uliokwama bandarini, akapata hiki kilichorudishwa na mteja wa huko, akaona kitafaa kwa muda. Alikusudia kukibadilisha baadaye kimyakimya. Nilimwuliza jambo moja tu, kwa nini alinizuia nisifungue boksi.

Aliangalia chini. "Nilijua ukikiona tu, mama, utajua."

Nilimwuliza tena kwa nini, basi, alimtaja mwalimu. Angeweza kunizuia kwa jina la mchungaji, au kwa jina la Mungu mwenyewe, Mungu amezoea kusingiziwa. Kwa nini marehemu? Aliendelea kuangalia miguu yake, na mimi nikaangalia viatu vyake, vipya kabisa, vya dukani. Nikamwambia aende zake.

Ningesema kanisa lilisimama nami ningekuwa mwongo. Mchungaji wetu aliniita akaniomba niondoe malalamiko serikalini, mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, tumsamehe ndugu yetu. Nilimjibu kwamba nimeshamsamehe na bado nataka kinanda. Hakupenda. Wazee wale wawili waliomtilia shaka mwanzoni, hata wao, walisema nimezidisha. Wenzangu wa sauti ya pili, ambao walikuwa wanapita mezani kwangu kuchagua blauzi kabla sijazipanga, wakaanza kupitia njia ya upande wa pili. Mmoja alimwambia muuza vyombo kwamba mama huyu anampeleka mtoto wake polisi kwa sababu ya mashine. Niliumia. Mashine walikuwa wameichangia wao.

Sikuondoa. Niliitwa tena na yule afisa, naye kijana akaitwa, na mwishowe akakubali kuleta kingine. Alikileta kanisani siku ya mazoezi, boksi likiwa limefungwa vizuri. Mtu mmoja akaanza kusema kisubiri mchungaji wa jimbo. Nilisimama.

"Kifungue hapa," nikamwambia. "Mbele yangu."

Akakifungua. Nilipiga magoti sakafuni nikakikagua kama ninavyokagua koti: kona, mishono, sehemu ya chini, kitufe kimoja baada ya kingine. Nikakinusa, wakacheka, nikawaacha wacheke. Kilikuwa kipya. Nilisema ni kipya, fundi akakichomeka, kikaitika chote kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jumapili yake mchungaji alimwita kijana wetu mbele. Nilidhani anaitwa kutubu. Akasema huyu ni ndugu mwenye moyo wa kutoa, aliyepata hasara kubwa kwa ajili ya kwaya yake na hakukata tamaa, tumpigie makofi. Wakampigia. Mikono yangu ilibaki mapajani. Halafu akaambiwa arudi kwenye nafasi yake kwenye besi, akapita mbele yangu akienda kusimama pale mume wangu alipomsimamisha tangu zamani.

Tukaimba. Ubeti wa pili ukaisha, tukanyamaza, na kinanda kikasema. Kwa hiyo sasa najua. Ulikuwa wimbo wa kulima, wa kwao, umepunguzwa mwendo, umegeuzwa ukawa wa mtu anayerudi nyumbani amechoka. Niliona vidole vyake juu ya meza, niliona ugali unapoa. Nilikuwa nalia tayari wakati besi zilipoingia chini yake, na sauti iliyosikika kuliko zote, iliyonyooka, iliyoingia pale hasa mume wangu alipotaka iingie, ilikuwa ya yule kijana. Kipande nilichokisubiri muda wote ule nimekisikia mara ya kwanza na yeye akiwa ndani yake, na sitaweza kukisikia tena bila yeye.

Baada ya ibada alinisubiri mlangoni. Watu walikuwa wanatuangalia kwa pembeni, wengine wamepunguza mwendo ili wasikie. Aliinamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikamjibu.

Alisimama kidogo, anasubiri neno la pili. Kisha nikavuta kitenge changu begani nikapita, na tangu siku ile ananiamkia kila Jumapili, na kila Jumapili najibu neno hilo moja.